Kodi Yetu Inakwenda Wapi? Historia Fupi ya Kodi na Huduma Vijijini

Kwa kawaida katika kurasa hizi tunazungumza juu ya mbegu, mbolea na dawa za wadudu. Leo tuziweke kando kidogo. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo liko mdomoni mwa kila mkulima mavuno yanapokwisha, nalo ni kodi. Kila ninapokwenda vijijini kufundisha nafasi za kupanda mahindi, hatumalizi kabla mtu hajanyoosha mkono na kuuliza: “Bwana shamba, hayo ya nafasi tumeyasikia. Je, ushuru wa gunia letu unakwenda wapi?”

Swali hilo si la leo. Babu zetu waliliuliza, na bibi zetu waliliuliza kwa miguu, kama utakavyoona hapo mbele. Ukiifuata historia ya kodi katika nchi yetu utaona kwamba watu hawakuwa wakikataa tu kutoa. Walikataa hasa kodi ambayo hawakujua imepimwaje, au iliyodaiwa wakati mkono ni mtupu, au iliyoondoka isirudi tena. Mambo hayo matatu, kipimo, wakati na marejeo, ndiyo tutakayoyafuata leo tangu zamani mpaka sasa.

HONGO ILIPOKUWA NENO LA HESHIMA

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo na Pangani kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watawala wa nchi ilizopita. Siku hizo hongo halikuwa neno la aibu. Ilikuwa ada ya njia. Mkuu wa msafara alitoa nguo, shanga au waya, na mtawala akatoa ruhusa ya kupita, kuteka maji na kununua chakula. Walijadiliana, wakabishana, wakapatana mbele ya watu. Leo neno lile lile maana yake ni rushwa, kitu kinachotolewa kwa siri. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kwamba malipo ya hadharani yamekuwa malipo ya gizani.

Na kwa wenyeji wenyewe, katika sehemu nyingi watu walimpa mtawala wao sehemu ya mavuno, au walimlimia shamba lake siku chache. Sisemi kwamba watawala wote walikuwa wema, la hasha. Lakini mwaka wa njaa watu walitazamia ghala la mtawala lifunguliwe. Mahindi au mtama waliotoa waliujua uliko. Waliweza kuliona ghala kwa macho.

RUPIA TATU ZA MJERUMANI

Kodi ya fedha kwa kila nyumba ililetwa bara na serikali ya Kijerumani. Amri ilitolewa mwaka 1897, wakati wa Gavana Eduard von Liebert, na utozaji ukaanza mwaka 1898. Nyumba ya kawaida ya kijijini ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni aliyekosa rupia aliweza kulipa kwa mazao, au kwa kufanya kazi za serikali. Maakida na majumbe ndio waliozunguka kukusanya, na nyuma yao walikuwapo askari.

Sasa hebu tujiulize, kwa nini fedha? Mkulima wa wakati ule alikuwa na mtama, mpunga, mbuzi na asali. Rupia alizitoa wapi? Hapo ndipo penye siri. Kodi ile haikuwekwa kwa ajili ya mapato peke yake. Iliwekwa ili mtu alazimike kuitafuta fedha, na njia za kuipata zilikuwa mbili tu: auze zao linalotakiwa na soko la wageni, au aende kufanya kibarua katika mashamba yao. Kodi ilikuwa fimbo ya kumtoa mkulima shambani kwake.

Halafu, kuanzia mwaka 1902, wakati wa Gavana von Götzen, yalianzishwa mashamba ya pamoja ya pamba katika wilaya za pwani na kusini. Watu walilazimishwa kuyalima kwa siku zilizopangwa, nao wakapata ujira mdogo mno, wengine hawakupata kitu. Na siku hizo za lazima zilikuwa zile zile za kulima, kupalilia na kulinda mashamba yao wenyewe dhidi ya nguruwe na ndege. Wewe mkulima unajua maana yake. Palizi ikikupita wiki mbili, mavuno yamekwenda. Mwaka 1905 serikali ikakaza kamba tena: kodi ilipwe kwa fedha taslimu, na asiye nayo afanye kazi.

Mwezi wa Julai mwaka huo huo, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waliingia katika shamba la pamba wakaing'oa. Ndivyo vita vya Maji Maji vilivyoanza. Tazama kwamba hawakuanza kwa kushambulia boma. Walianza kwa kung'oa mmea. Katika vita vile Wajerumani walichoma vijiji na kuharibu vyakula mashambani na maghalani, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Serikali yenyewe ya Kijerumani ilikadiria kwamba walikufa watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wa kusini, alifikia makadirio ya watu 250,000 hadi 300,000.

Kodi haikuwa sababu pekee ya vita vile. Lakini ipime kodi ile kwa mambo yetu matatu. Kipimo: nyumba ya tajiri na ya maskini zililipa sawa. Wakati: ilidaiwa kwa fedha kutoka kwa mtu asiyekuwa na soko. Marejeo: ilijenga maboma na kulipa askari. Serikali ilikuwa na shule, na shule yake ya Tanga ilifunguliwa mwaka 1892, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuwafundisha makarani na maakida wa kuitumikia serikali ile ile. Mkulima wa Matumbi hakuona kitu kinachorudi kwake.

MWINGEREZA NA KODI YA KICHWA

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ikawa chini ya Waingereza. Mwaka 1922 wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Kila mwanamume mzima alidaiwa, na mwenye wake wengi alidaiwa kwa nyumba za ziada. Kiwango kilitofautiana wilaya na wilaya, lakini ndani ya wilaya moja mtu mwenye ng'ombe mia na mtu asiye na kuku walilipa sawa.

Katika wilaya zenye kahawa au pamba, shilingi zilipatikana. Lakini wilaya zilizokuwa mbali na reli na soko, kama vile sehemu za Songea, Njombe na Kigoma, wanaume wengi walizifuata shilingi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Tuliwaita manamba. Mama na watoto walibaki kulima peke yao. Shamba lililozoea majembe mawili likabaki na jembe moja.

Kuna hasara nyingine ambayo sisi wa kilimo tunaijua sana. Kodi ikidaiwa mara tu baada ya mavuno, kila mtu anauza chakula wakati mmoja, na bei inaanguka. Miezi michache baadaye mtu yule yule ananunua chakula kwa bei ya juu. Basi kodi aliyolipa si zile shilingi zilizoandikwa katika stakabadhi peke yake. Kuna na tofauti ya bei ya gunia alilouza na gunia alilonunua. Hiyo haikuandikwa popote, lakini jiko liliijua.

Jambo moja lililobadilika ni la marejeo. Mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya serikali za wenyeji. Zikaanzishwa hazina za wenyeji, na sehemu ya kodi ikabaki wilayani. Sehemu nzuri ya fedha hizo ililipa mishahara ya watawala wa jadi, makarani na mabaraza. Lakini kidogo kidogo ilijenga pia zahanati na shule ndogo. Kwa mara ya kwanza chini ya wakoloni mtu aliweza kunyoosha kidole na kusema, ile zahanati ina shilingi yangu. Hata hivyo aliyepanga matumizi hakuwa mlipaji, na jambo hilo ndilo lililozaa kisa cha Upare.

MBIRU

Ndugu mkulima, kisa hiki nataka tukae nacho kidogo, kwa kuwa kinaonyesha kwamba hata kodi yenye nia nzuri yaweza kuharibika. Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikitafiti na kukiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1971.

Katika miaka ya mwanzo ya 1940 watawala wa Wilaya ya Pare waliona kwamba kodi ya kiwango kimoja si ya haki. Wakasema, mwenye nacho alipe zaidi, asiye nacho alipe kidogo. Wazo hilo ukilisikia utalipigia makofi. Wakaliita mbiru, jina la toleo la kale ambalo Wapare walikuwa wakimpa mtawala wao, ili lionekane ni jambo la mila. Kila kaya ilikadiriwa mali yake, mifugo, mashamba na mapato mengine, ndipo ikapangiwa kiasi cha kulipa juu ya kodi ya kawaida.

Wapare walikataa. Kwa nini watu wakatae kodi inayompunguzia maskini? Tatizo lilikuwa katika kukadiria. Nani anaingia nyumbani mwako kuhesabu? Anahesabu lini? Akikosea, unamwambia nani? Sisi mabwana shamba tunajua ugumu wa kuhesabu mali ya mkulima. Mbuzi wa leo kesho wameliwa na ugonjwa. Ng'ombe aliye zizini mwako huenda ni wa shemeji yako. Shamba lililojaa mwaka huu mwakani ni majani matupu. Mkadiriaji mwenye haraka, au mwenye chuki, au mwenye ndugu wa kumpendelea, anaweza kuandika analotaka. Na mbiru haikupita kwanza kwa wananchi ikajadiliwa. Iliamuliwa juu, ikateremshwa.

Mwezi wa Januari mwaka 1945 maelfu ya wanaume, wa Usangi wakiwa mbele, waliteremka milimani wakaenda Same kwenye makao makuu ya wilaya. Hawakushika mikuki. Walipiga kambi wakasema hawaondoki mpaka wasikilizwe. Chakula chao kiliteremshwa kutoka nyumbani. Waliandika malalamiko kwa wakubwa wa serikali. Na tena hawakusema kwamba hawalipi kodi. Walisema mbiru iondolewe, kodi ya kawaida watalipa.

Jambo likaendelea muda mrefu, kazi zikalala mashambani. Mwaka 1946 wanawake nao wakasimama. Waume zao walikuwa hawako nyumbani, kazi za kiume zimekwama, na serikali haijibu. Wanawake wa Upare wakaandamana kuwakabili watawala. Wakati ule mwanamke hakuitwa barazani wala jina lake halikuwa katika kitabu cha kodi, lakini mzigo wa kodi ulikuwa kichwani pake, na alijua kuusema.

Mwishowe mbiru ikaondolewa, kodi ya kiwango kimoja ikarudi. Mwaka ule ule wa 1946 Wapare wakaanzisha chama chao, Wapare Union, wakitaka sauti katika mambo ya wilaya yao.

Nimekuletea kisa hiki kwa sababu kuna watu wanaodhani kodi ya haki ni hesabu tu: ukipata asilimia iliyo sawa, umemaliza. Mbiru inatuambia sivyo. Hesabu ya mbiru kwenye karatasi ilikuwa na haki kuliko ile ya zamani. Lakini mlipaji hakuona kipimo, hakuulizwa, na hakuwa na pa kulalamikia. Watu wakachagua kodi ya kizamani, ambayo ilimwonea maskini, kwa kuwa angalau kila mtu alijua ni shilingi ngapi na jirani naye analipa ngapi.

KODI ILIYOFUTWA, GHARAMA ILIYOBAKI

Tulipata Uhuru mwaka 1961. Mwaka 1967 likatolewa Azimio la Arusha, nalo lilisema jambo ambalo wakulima walikuwa wakilijua mioyoni. Lilieleza kwamba mikopo kutoka nje hutumika sana mijini, lakini mlipaji wake mkubwa ni mkulima, kwa kuwa fedha za kigeni zinatokana na mazao yake.

Mwaka 1969 serikali ikafuta kodi ya kichwa iliyokuwa ikitozwa na halmashauri, pamoja na ushuru wa mazao. Mkulima hakutafutwa tena na tarishi kwa ajili ya stakabadhi, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini mwaka huo huo ilianzishwa kodi ya mauzo, inayokaa ndani ya bei ya bidhaa. Na halmashauri zikabaki bila mapato yao makubwa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zikavunjwa, na kazi zao zikashikwa na watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani.

Miaka ile huduma ziliongezeka kweli. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule alitakiwa aandikishwe. Zahanati zilijengwa vijijini na visima vilichimbwa. Nani aliyelipa? Wahisani wa nje walilipa sehemu kubwa. Sehemu nyingine ililipwa na wewe mkulima bila stakabadhi yoyote. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za mazao. Bei ilipangwa juu, na kabla haijakufikia ilikwisha katwa gharama za ofisi, magari, maghala na watumishi. Hiyo nayo ni kodi, ingawa haikuitwa kodi. Tena ni mbaya zaidi kwa sababu huioni. Usipoiona huwezi kuihoji.

Mkulima akafanya alichoweza. Pengine aliiacha mikahawa ikaota majani, pengine alilima chakula cha kumtosha tu, na wa mipakani waliuza kwa magendo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita na Idi Amin vikaja mwaka 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei. Fedha za kigeni zikaadimika. Zahanati ilikuwapo lakini dawa hakuna. Bomba lilikuwapo lakini dizeli ya mashine hakuna. Shule ilikuwapo, watoto wamekaa chini.

Hapa pana somo la pili baada ya lile la mbiru. Kufuta kodi si kufuta gharama. Dawa ina mwenye kuilipa kila mwezi, na mwalimu ana mshahara kila mwezi. Ukisikia kwamba kitu ni cha bure, uliza kimelipwa kwa mfuko gani. Pengine utakuta ni wako.

KODI YA MAENDELEO

Sheria ya kurudisha serikali za mitaa ilitungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Zilihitaji fedha, na kodi ya kichwa ikarudi kwa jina jipya la kodi ya maendeleo. Ushuru wa mazao nao ukarudi.

Wengi wetu tunaikumbuka kodi ile, au tumesimuliwa na wazazi. Mgambo waliweka vizuizi njiani. Watu walijificha mashambani. Wengine walikwenda mnadani kwa njia za porini. Kiwango kilikuwa kile kile kwa mwenye duka na kwa kibarua. Na katika wilaya nyingi fedha zilizokusanywa ziliishia katika gharama za kuzikusanya, mishahara na posho za vikao, hata mwananchi akashindwa kuona barabara wala dawati. Wakati huo huo wananchi walianza kuchangia gharama za elimu, na mwaka 1993 kuchangia matibabu hospitalini. Mtu alilipa kodi njiani, akalipa tena zahanatini, akauliza: ile ya kwanza ilikuwa ya nini?

Ada ya shule za msingi iliondolewa tena mwaka 2001. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na serikali kuu ikazipa halmashauri ruzuku ya kufidia. Tangu mwaka 2016 shule za sekondari mpaka kidato cha nne zikawa bila ada. Lakini kumbuka somo letu. Gharama haikuondoka. Ilihamia katika kodi nyingine.

LEO MKULIMA ANALIPA NINI?

Huenda utasema, mimi silipi kodi, sina duka wala mshahara. Unalipa, ndugu yangu. Ukinunua sabuni au soda, ndani yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, iliyochukua nafasi ya kodi ya mauzo mwaka 1998. Ukiweka vocha ya simu, kuna kodi. Mwezi wa Julai mwaka 2021 ilianzishwa tozo ya miamala ya simu, na serikali ikaeleza kwamba fedha zake zitajenga vituo vya afya na madarasa. Kwa upande wa marejeo, hilo lilikuwa jambo la kuonekana. Kwa upande wa kipimo, wananchi walilalamika kuwa ni kubwa, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Na ipo ile inayokugusa zaidi, ushuru wa mazao wa halmashauri. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5, ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Tena ikaamuliwa kwamba mkulima anayesafirisha mazao yake yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme umeuza magunia 10 ya mahindi kwa shilingi 60,000 kila gunia. Jumla ni shilingi 600,000. Asilimia 2 ni shilingi 12,000. Kisheria anayetakiwa kupeleka fedha hizo halmashauri ni mnunuzi. Lakini mnunuzi ana akili yake, atakupunguzia bei ili azifidie. Kwa hiyo shilingi hizo zimetoka kwako hata kama stakabadhi ina jina lake. Una haki kabisa ya kuuliza zimekwenda wapi.

Sasa angalia jambo la lumbesa. Gunia linalopaswa kuwa na kilo 100 linashindiliwa na kushonewa kilemba mpaka kilo 130. Wewe unalipwa gunia moja. Na halmashauri ikitoza kwa kuhesabu magunia, nayo inapata ushuru wa gunia moja. Kilo 30 zimepita bure. Wewe umepunjwa, na zahanati yako imepunjwa pamoja nawe. Anayecheka ni mmoja tu. Ndiyo maana tunasisitiza mizani. Mkiuza pamoja kwa mizani katika chama chenu cha msingi, bei ya kilo inajulikana, uzito unajulikana na ushuru unajulikana. Kipimo kinakuwa cha wazi, jambo ambalo Wapare walilipigania mwaka 1945.

Kuhusu marejeo, sheria ya serikali za mitaa imekupa mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Nimeona vijiji ambavyo mkutano huo ukiitwa wanakuja watu kumi na wawili, na wiki ya pili yake watu mia wanalalamika kilabuni. Kilabuni hakuna daftari la fedha, ndugu mkulima. Daftari liko mkutanoni. Na kijiji kisichoitisha mkutano, kidaini. Wazee wa Usangi walitembea mpaka Same kuutafuta mkutano. Wewe wako uko chini ya mwembe.

Lakini maneno haya yana upande wa pili, na sitakuwa mkweli nikiuacha. Anayetaka hesabu isomwe naye aingie katika hesabu. Mtu anayekwepa ushuru kwa kupita porini usiku, halafu asubuhi anagomba zahanatini kwa kukosa dawa, anajigomba mwenyewe. Mfanyabiashara anayekuuliza, “Nikuuzie na risiti au bila risiti?” anakuomba umsaidie kuiba dawati la mwanao. Kodi ya ongezeko la thamani umekwisha kuilipa ndani ya bei. Usipochukua risiti, fedha hiyo haifiki kwenye mfuko wa serikali, inabaki mfukoni mwake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, ulizia katika ofisi ya kata kiwango cha ushuru wa zao lako kabla ya msimu wa kuuza, na ukiandike. Asiyejua kiwango hutozwa chochote.

Pili, uza kwa mizani na ukatae lumbesa. Ni rahisi zaidi mkiwa kikundi kuliko ukiwa peke yako.

Tatu, dai stakabadhi kwa kila shilingi unayotoa, iwe dukani, mnadani au ofisini. Malipo yasiyo na stakabadhi yanarudi kuwa hongo, tena ile ya siku hizi, si ile ya misafara.

Nne, panga kuuza kwako. Ukijua kuna mchango au bima ya afya ya kulipia, tenga fedha kidogo kidogo, usije ukauza gunia la chakula kwa bei ya mavuno kama walivyolazimika babu zetu.

Tano, hudhuria mkutano mkuu wa kijiji, na umtume mkeo au mumeo usipoweza. Ukiwa pale usiulize tu zimekusanywa shilingi ngapi. Uliza zimenunua nini, na nenda ukakione.

Ndugu mkulima, serikali haina shamba la kuvuna fedha. Kila dawa, kila dawati na kila mita ya bomba imetoka katika jasho la mtu. Jasho hilo lipimwe mbele ya mwenyewe, lidaiwe wakati analo, na lirudi alione. Juma lijalo tutarudi shambani, tuzungumze juu ya kuhifadhi mahindi yasishambuliwe na dumuzi. Mpaka hapo, kazi njema.